Saa Arobaini na Moja: Ipi ni Yako Kuuza?



Katika toleo hili tunataka kutafakari pamoja swali lililoletwa kwetu na mzee mmoja anayeishi Old Kampala. Ametupa ruhusa kulieleza, ila jina lake tunaliacha. Ukilitazama kwa haraka ni swali dogo, maana linahusu saa za mkono za zamani. Lakini tulipoanza kulizungumza halikuisha jioni ile, wala Jumapili iliyofuata, kwa sababu kila mmoja aliona ndani yake jambo lake mwenyewe.

Mzee huyo ni fundi wa saa tangu Bukavu. Kwa miaka mingi ya kukaa Kampala amekusanya saa kuukuu, na leo anazo 41 ndani ya kopo la bati la biskuti. Sasa kodi ya chumba imepanda, mama wa nyumbani anaumwa, na mjukuu wao anatakiwa kuingia Senior One. Wameamua kuhamia huku kwetu Nakivale, kwa mtoto wao. Lile kopo lazima lipungue. Anauliza: “Niuze zipi, nibaki na zipi? Na je, zote ni zangu kuuza?”

Ndugu msomaji, usikimbilie kujibu. Tuliokimbilia tulilazimika kurudi nyuma.

KWA NINI MTU AKUSANYE SAA?

Vijana wetu watacheka. Saa ipo kwenye simu, ya nini kuwa na 41? Lakini tukumbuke zilikotoka. Wazazi wetu walivaa saa za kutia ufunguo. Ndani yake mna springi, na ukiizungusha asubuhi saa inatembea kama siku moja na nusu, kisha inasimama. Nyingine, kama Seiko 5 iliyotoka Japani tangu 1963, zinajijaza zenyewe kwa mwendo wa mkono. Waswisi walituletea Roamer na Omega, na India ikatengeneza HMT kuanzia 1961, mpaka kiwanda hicho kilipofungwa mwaka 2016.

Halafu, Desemba 1969, Seiko wakatoa saa ya mkono ya betri yenye kipande cha kwotzi, iliyoshika wakati vizuri kuliko saa yoyote ya springi. Huko Uswisi waliokuwa wakiishi kwa kazi hiyo walipungua kutoka karibu 90,000 mwaka 1970 hadi kama 30,000 katikati ya miaka ya 1980. Huku kwetu saa za betri zikawa za bei rahisi sokoni, baadaye simu zikaja, na saa ya baba ikatupwa kwenye droo. Fundi anayejua kilicho ndani yake hawezi kuitazama ikitupwa. Anainunua kwa bei ya soda mbili, anaifungua, anaisafisha, na mara inaanza kulia tena. Mtu anayependa namna hiyo tusimhukumu kuwa anapenda mali. Anapenda kazi ya mikono ya watu, nayo inastahili kupendwa.

Lakini kupenda hakujibu swali lake. Tulimwomba afanye jambo moja kwanza: azimwage saa zote juu ya mkeka na kuzigawa, asizigawe kwa bei wala kwa uzuri, azigawe kwa njia zilivyomfikia. Yakatoka mafungu matatu.

FUNGU LA KWANZA: ZILE ALIZONUNUA

Zilikuwa 24. Hizi ni zake. Alitoa fedha, akatoa na jasho. Hakuna anayemdai.

Kwa fungu hili tulimpa kipimo kimoja: baki na zile ambazo mkono wako unaweza kuzitunza. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini saa huoza. Mafuta yaliyo ndani hukauka baada ya miaka michache, na ukiitembeza kavu vyuma vinalana. Saa ya betri ukiisahau na betri yake, ile betri huvuja na kuila mashine yote. Kwa hiyo mtu mwenye saa 24 asizozifungua hana saa 24. Ana saa tatu au nne, na vyuma ishirini vinavyongoja kufa.

Tulimwonya pia juu ya hila ya moyo. Tukiambiwa kupunguza, tunatoa kwanza takataka na kuficha kilicho bora. Mzee alikuwa tayari kuuza zile mbovu kumi na tano na kubaki na nzuri tisa. Lakini zile kumi na tano zote pamoja hazilipi hata muhula mmoja. Kama kweli unapunguza kwa ajili ya mtoto, kinachotakiwa kutoka ni kile chenye thamani. Kingine ni kufagia nyumba tu. Na vifaa vyake, zile bisibisi ndogo, koleo na kioo cha jicho, asiviuze hata kimoja. Saa inaleta fedha mara moja, lakini kifaa kinaleta kila wiki, hata huku Nakivale.

Tena, kuuza ni kusema na mtu. Saa za zamani zina siri nyingi. Nyingine sura yake imepakwa rangi upya, nyingine mashine imetoka kwa saa tatu tofauti na jina la juu ni la nne. Si dhambi kuishona saa viraka, ila ni dhambi kuiuza kama nzima. Na zile za kabla ya miaka ya 1960 ambazo namba zake ziliwaka gizani, nyingi zilipakwa radiamu. Mwanga wenyewe huzimika kwa miaka, lakini sumu haizimiki: kwa miaka 1,600 inapungua nusu tu. Huko Marekani wasichana waliopaka rangi hiyo viwandani miaka ya 1920 waliugua na wengi wakafa. Saa ya namna hiyo haimdhuru sana anayeivaa ikiwa imefungwa, lakini haifai kufunguliwa ovyo wala kupewa mtoto aichezee. Mnunuzi aambiwe, hata kama bei itashuka.

FUNGU LA PILI: ZILE ALIZORITHI

Hizi zilikuwa tatu. Mbili alizinunua baba yake. Ya tatu baba alipewa siku ya kustaafu kazi, zamani za Zaire.

Moja kati ya hizo ina jambo la ajabu kidogo. Wote tuliotoka Kongo ya mashariki, Burundi au Rwanda tunajua kwamba ukivuka kuingia Uganda unasogeza saa yako mbele kwa saa moja. Bunagana upande wa kule ikiwa saa mbili asubuhi, upande huu ni saa tatu. Mzee alizisogeza saa zake zote isipokuwa ile ya kustaafu ya baba. Hiyo bado inasoma saa ya Bukavu. Akiitazama anajua kule nyumbani watu wanafanya nini: kama watoto wanatoka shuleni, kama mama wanarudi sokoni.

Je, hiyo ni yake kuuza? Mwanzoni tulidhani ndiyo, kwa sababu iko mkononi mwake. Kisha mama mmoja kati yetu akauliza: “Baba yenu alikuwa na watoto wangapi?” Walikuwa sita, na wanne bado wako hai. Basi hapo jibu likabadilika. Kitu cha baba kinakaa kwa mmoja, lakini ni cha wote. Aliyekimbia nacho alikiokoa, na kwa hilo anastahili shukrani, ila kuokoa si kununua. Awapigie ndugu zake simu. Huenda watasema uza, mtoto asome, maana mjukuu ni wa ukoo mzima. Huenda mmoja atasema nitakutumia hiyo fedha, hiyo moja tuachie. Lolote watakalosema, uamuzi utakuwa wa haki kwa sababu umefanywa na wenyewe.

FUNGU LA TATU: ZILE ALIZOACHIWA

Hapa ndipo tuliponyamaza. Saa 14 hazikuwa zake kabisa. Ni saa ambazo wateja walileta zitengenezwe na hawakurudi. Kila moja imefungwa kikaratasi: jina moja, pengine namba ya simu isiyopatikana tena, na tarehe. Ya zamani zaidi ni ya mwaka 2008. Ni Wakongomani, Wasomali, Waeritrea, Wasudani, na Waganda wawili watatu.

Mnaijua Old Kampala. Wengi wetu tulipofika mjini, kituo cha polisi cha pale ndicho tulichoelekezwa kwenda kuandikishwa. Mtu analala nje siku mbili tatu, anapewa karatasi, anaambiwa nenda kambini, au anapata chumba cha kupanga na kukaa mjini. Baada ya miaka, mmoja ameitwa ghafla kwenda Kanada au Marekani, mwingine amerudi kwao, mwingine amekufa na hakuna aliyejua kwamba alikuwa na saa kwa fundi. Hawa hawakuzitupa saa zao. Maisha ndiyo yaliyowaondoa.

Kitu kama hicho Kiswahili kinakiita amana. Na amana ina ugumu huu: mwenyewe hayupo kukulinda wala kukushtaki. Anayekutazama ni dhamiri yako.

SOMO LA KILIMA CHENYEWE

Kilima hicho anachokaa mzee kina historia inayotufundisha. Lugard alijenga ngome yake hapo mwishoni mwa 1890, na mji ukaanza kukua kutoka pale. Baadaye Wahindi wengi walijenga Old Kampala. Hadi leo ukipita utaona majumba yao ya ghorofa yenye vibaraza, mengine yameandikwa mwaka wa kujengwa juu ya paji la ukuta.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia watoke. Walipewa siku 90, mwisho tarehe 8 Novemba. Makumi ya maelfu walifunga maduka na nyumba. Waliruhusiwa kutoka na fedha kidogo tu, kama pauni 50, na mizigo ya kupimwa kwa kilo. Njiani kwenda Entebbe kulikuwa na vizuizi vya askari, na wengi wamesimulia jinsi walivyovuliwa mikufu, pete na saa za mkononi. Uingereza peke yake ilipokea zaidi ya 27,000. Walipofika, wengi walilala katika kambi za zamani za jeshi, kama Stradishall, wakingoja kupangiwa pa kuishi. Ndiyo, wapendwa. Wenye zile ghorofa nao waliijua foleni ya chakula ya kambini.

Majumba yao yaliwekwa chini ya bodi ya serikali ya kutunza mali za Waasia walioondoka. Sheria ya mwaka 1982 ikafungua mlango wa kurudishiwa, na katika miaka ya 1990 wengi walirudishiwa chini ya serikali ya Museveni. Hata hivyo mwaka 2019, karibu miaka hamsini baadaye, kamati ya Bunge bado ilikuwa inachunguza nani ana nini na alikipata vipi. Nyumba ina hati, ina namba ya kiwanja, ina bodi na ina mahakama, na bado imechukua nusu karne. Saa ya mkono haina hati. Cherehani iliyoachwa kwa jirani haina bodi. Wako majirani waliotunza, wako waliojigawia, na kati ya hao wawili hapakuwa na hakimu ila moyo wa mtu.

HOJA ZA UPANDE WA PILI

Tusijifanye kwamba upande wa pili hauna maneno. Una maneno mazito, nasi tuliyasikiliza.

La kwanza: “Mtoto aliye hai ni zaidi ya saa iliyolala.” Ni kweli, na hakuna aliyelipinga. Lakini sharti liwe hili: maadamu cha kwako hakijaisha, cha mwenzako hakiguswi. Mzee ana saa 24 za kwake. Hawezi kuiuza ya Msomali kwa ajili ya ada huku Omega yake mwenyewe iko mkononi. Na kama siku moja ya kwake yameisha yote na mama yuko hospitali usiku huo, basi akitoa amana aijue kuwa ni deni. Aandike ni saa gani, ya nani, imeuzwa kwa kiasi gani. Shida inaweza kumruhusu mtu kukopa, lakini haimgeuzi kuwa mwenye mali.

La pili: “Mafundi wote hubandika tangazo kwamba kitu kisichochukuliwa kwa miezi mitatu kitauzwa.” Tangazo hilo lina haki yake. Fundi hawezi kugeuzwa ghala, na mteja mzembe asimtese. Lakini linamhusu mtu mwenye uwezo wa kurudi. Aliyeko mtaa wa pili na hajaja miaka mitano kwa uvivu, amejiondolea haki yake. Aliyebebwa na vita, au na ndege ya kuhamishiwa nchi ya mbali, hakulisoma tangazo hilo kwa miguu yake. Tena gharama ya kutengeneza ni haki ya fundi kwa hali yoyote. Siku saa hiyo ikiuzwa au mwenyewe akipatikana, fundi akate kwanza jasho lake.

La tatu: “Kuitunza ni kuiua.” Hili nalo ni kweli, tumelisema wenyewe. Saa isiyoguswa inakufa. Lakini jibu lake ni kuitunza kweli: kutoa betri, kutia ufunguo mara moja moja, kuifunga kwenye kitambaa kikavu. Anayesema “inaharibika, afadhali niiuze” ajiulize kama angesema hivyo hivyo juu ya shamba lake alilomwachia jirani.

Na hapo, ndugu zangu, ndipo swali la mzee lilipotugeukia. Maana sisi sote tumeacha kitu. Kuna aliyeacha ufunguo wa nyumba kwa jirani Goma kabla mji haujachukuliwa Januari 2025, na kuna aliyetoka Bukavu mwezi uliofuata akaacha mbuzi, au mashine ya kusaga, au picha za arusi. Wengine tuliacha tangu 1996. Tunaomba kila siku kwamba yule tuliyemwachia asiseme “hawa hawarudi tena.” Tunataka aandike, atunze, atutafute. Basi sisi tunaotaka kutunziwa kule, tunatunza namna gani huku? Wahenga walimaliza maneno: mla cha mwenzio na chako huliwa.

USHAURI TULIOMPA

Tulimwambia mzee hivi. Auze za kwake, akianza na zenye bei, kwa ukweli. Abaki na mbili au tatu za kupenda, zile ambazo mkono wake unaweza kuzitia ufunguo. Kwa zile tatu za baba, ndugu wasemezane. Kwa zile 14, anunue daftari, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Aandike kila saa: aina, rangi ya sura, jina lililo kwenye kikaratasi, tarehe, na kazi iliyofanyika. Kisha majina yasomwe makanisani na misikitini, yapelekwe kwenye vikundi vya simu vya watu wetu walioko nje. Siku hizi mtu wa Ohio anapatikana kwa jioni moja kuliko mtu wa kijiji cha pili. Jambo moja la busara: atangaze jina bila kueleza saa ilivyo. Mwenyewe atajua kuieleza.

Tulipendekeza mwaka mmoja wa kutafuta. Baada ya hapo hatukukubaliana, na tunawaambia wazi. Wengine walisema, zisizo na mwenyewe ziuzwe, bei iandikwe, fedha iwasaidie wajane na yatima, na mwenyewe akitokea siku yoyote alipwe. Wengine walisema hapana, saa 14 hazijazi hata kikombe, mwachieni azibebe, kutunza hakumgharimu kitu. Mwandishi huyu yuko na wa kwanza, kwa sababu mzee naye hataishi milele, na amana isiyo na mtu wa kuirithi kwa uaminifu huishia mikononi mwa asiyejua hata kwamba ni amana. Lakini walioshika la pili nao tunawaheshimu.

Kupunguza mali ni jambo ambalo vita vilitufanyia bila kutuuliza. Mara chache sana tunapata nafasi ya kupunguza wenyewe, polepole, kwa kuchagua. Tukiipata, tusianze na swali la bei. Tuanze na swali la njia: kitu hiki kilinifikiaje? Kilichonunuliwa tuamue wenyewe. Kilichorithiwa tuamue na ndugu. Kilichoachwa, tumtafute aliyekiacha.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Nyumbani mwako kuna kitu gani ambacho si chako? Je, kimeandikwa mahali?
2. Ulipokimbia ulimwachia nani mali yako, na ungependa afanye nini nayo leo?
3. Je, muda ukipita sana amana inaweza kugeuka kuwa mali ya mtunzaji? Kwa nini?
4. Ungekuwa na kikao nasi, ungeshika upande gani juu ya zile saa 14?

Majibu yenu yaleteni kwa katibu wa jarida.